Kingamwili zinaposhambulia neva: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa tena na tena na wagonjwa pamoja na ndugu wanaowauguza, Kampala, Mbarara, Gulu au Busia. Jambo moja limo karibu katika kila jibu, na ni afadhali lisemwe mapema: usisubiri kipimo cha kingamwili ndipo umpeleke mgonjwa hospitali. Kipimo hicho kina thamani yake, lakini kwa magonjwa haya kinachoamua ni kasi ya udhaifu na hali ya pumzi. Ikiwa mgonjwa wako anapaliwa na mate au anashindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, ruka yote na usome swali la 5.

## Misingi

1. Kingamwili ni nini, na zinahusiana vipi na neva?

Kingamwili ni protini zenye umbo la herufi Y. Hutengenezwa na jamii ya chembe nyeupe za damu ziitwazo chembe B. Ncha za kila kingamwili hushika kitu kimoja mahususi, labda kipande cha ganda la kirusi, labda sukari iliyo juu ya bakteria. Ikishashika, humzuia adui asiingie kwenye chembe za mwili, au huita protini nyingine za damu ziitwazo komplementi zije kumtoboa.

Neva inayoendesha kidole cha mguu huanzia kwenye uti wa mgongo na kushuka hadi huko chini. Imevikwa mayelini, utando wa mafuta wenye nafasi ndogondogo zinazoitwa vifundo vya Ranvier, na ujumbe wa umeme huruka kutoka kifundo hadi kifundo. Kingamwili ikikosea ikashika utando huo, au kifundo, au mahali neva inapokutana na msuli, ujumbe huchelewa au hukatika. Mtu anataka kusimama, akili yake timamu, na miguu haiitikii.

2. Kwa nini mwili ujishambulie wenyewe?

Mfano unaoeleweka vizuri kuliko yote ni wa bakteria anayeitwa Campylobacter jejuni, anayeharisha watu kupitia nyama ya kuku isiyoiva, maziwa yasiyochemshwa na maji machafu. Ganda lake lina sukari zinazofanana mno na GM1, mafuta yenye sukari yaliyo juu ya neva zetu. Mwili hutengeneza kingamwili za kumwua bakteria, na hufanikiwa. Kuhara kunaisha. Wiki moja hadi tatu baadaye, kingamwili zilezile zinaziendea neva. Takriban robo hadi theluthi ya wagonjwa wa Guillain-Barré, ugonjwa wa kupooza kunakoanzia miguuni na kupanda kwa siku kadhaa, walianza na bakteria huyu. Hata hivyo, kati ya watu wapatao 1,000 wanaoharishwa naye, ni mmoja tu hivi anayeishia kupooza, kwa hiyo kila anayeharisha asiingiwe na hofu.

Njia nyingine zipo. Katika miasthenia, ugonjwa wa misuli kuchoka upesi (swali la 4), tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua mara nyingi ina kasoro, na wagonjwa 10 hadi 15 kati ya 100 wana uvimbe kwenye tezi hiyo. Wakati mwingine saratani, hasa ya mapafu, huchochea kingamwili zinazogeukia neva. Na kwa wagonjwa wengi chanzo hakionekani kabisa.

Hapa ndipo swali la kulogwa huingia. Mtu aliyelala mzima akaamka miguu haimbebi anatisha, na familia inayotafuta sababu siilaumu. Ninachoomba ni kwamba safari ya hospitali isitanguliwe na siku tatu za kuchanjwa chale. Siku hizo tatu ndizo pumzi huondoka.

3. Nitatofautishaje na kiharusi, polio, au ugonjwa wa uti wa mgongo?

Kiharusi huja ghafla, kwa kawaida upande mmoja: mkono na mguu wa kulia, mdomo kupinda. Guillain-Barré hushika pande zote mbili, huanzia miguuni na kupanda kwa siku kadhaa, mara nyingi na ganzi au hisia ya kutambaliwa na sisimizi vidoleni. Daktari akigonga chini ya goti kwa kinyundo, mguu haurukiruki. Kinyundo hicho cha bei ndogo kinasema mengi kuliko picha nyingi za gharama.

Ikiwa mgonjwa ana mstari wazi tumboni au kifuani ambapo chini yake hahisi kitu, na mkojo umeziba, tatizo huenda liko kwenye uti wenyewe. Kwetu hilo laweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, saratani, au kichocho kwa watu wanaoishi kandokando ya ziwa Albert na Victoria. Hiyo nayo ni dharura.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 15, kulegea kokote kwa ghafla lazima kuripotiwe ili polio ichunguzwe. Huchukuliwa sampuli mbili za choo, zikiachana kwa saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu mtoto alegee, na maabara ya taasisi ya utafiti wa virusi, UVRI, kule Entebbe huzipima. Mzazi asikatae. Haina maana kwamba mtoto ana polio.

## Magonjwa yenyewe

4. Magonjwa haya ni yapi, na kila moja lina kingamwili gani?

Linalotisha zaidi kwa kasi yake ni Guillain-Barré, au GBS, lililoelezwa na madaktari wa Ufaransa mwaka 1916. Humpata mtu mmoja au wawili kati ya 100,000 kwa mwaka. Udhaifu hufika kilele ndani ya wiki nne, kwa wengi ndani ya mbili. Katika aina inayokata neva zenyewe za kuendesha misuli, kingamwili dhidi ya GM1 huonekana mara nyingi. Katika aina inayovua mayelini, ambayo ni ya kawaida katika nchi nyingi, mara nyingi hakuna kingamwili moja inayojulikana. Ndugu yake, Miller Fisher, huanza machoni: macho hayageuki, mtu anayumba kama mlevi, na zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10 wana kingamwili dhidi ya GQ1b.

CIDP hufanana na GBS lakini huenda polepole: udhaifu unaendelea kuzidi kwa zaidi ya wiki nane, au unapungua na kurudi. Wachache kati ya wagonjwa hawa wana kingamwili zinazoshika protini za kwenye vifundo, kama neurofasini 155 na kontaktini 1. Hao ndio ambao kipimo hubadilisha kabisa matibabu yao (swali la 6).

Miasthenia haiko kwenye neva hasa, iko pale neva inapokabidhi ujumbe kwa msuli. Kingamwili huziba na kuharibu vipokezi vya asetilikolini, kemikali inayobeba ujumbe huo. Dalili yake ni uchovu unaoongezeka kwa matumizi: asubuhi kope ziko juu, jioni zimeshuka, tonge la kwanza la matooke linatafunika, la kumi linabaki mdomoni. Mwambie mgonjwa aangalie dari kwa dakika moja bila kushusha macho, utaona kope zikishuka mbele yako. Ganzi haimo. Mwenye ganzi, fikiria ugonjwa mwingine.

Neuromielitisi optika hushambulia neva za macho na uti wa mgongo. Kingamwili yake, dhidi ya akwaporini 4, iligunduliwa mwaka 2004, na ugonjwa huu huwapata watu wenye asili ya Afrika zaidi ya Wazungu. Mtu anayepoteza uwezo wa kuona jicho moja kwa siku chache, kisha miezi baadaye miguu inalegea, asihudumiwe kama mwenye magonjwa mawili tofauti.

5. Nitajuaje kwamba pumzi imeanza kumwishia?

Usingoje ahangaike. Misuli ya pumzi huchoka kimyakimya, na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni huweza kuonyesha namba nzuri hadi dakika za mwisho. Fanya hivi: mkalishe, avute pumzi ndani kabisa, kisha ahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, bila kuvuta nyingine. Mtu mzima mwenye afya hufika 40 au 50. Akikwama chini ya 20, anahitaji hospitali yenye mashine ya kupumulia, leo hii. Rudia kila baada ya saa chache na uandike namba kwenye karatasi. Jana 34, asubuhi 27, mchana 19: karatasi hiyo itamwambia daktari kila kitu.

Dalili nyingine ni kikohozi kisicho na nguvu, sauti ya puani, kupaliwa na maji, na kushindwa kuinua kichwa kutoka kwenye mto. Mgonjwa wa namna hii asilishwe uji kwa kijiko hata kama familia inaona ana njaa, kwa sababu unaingia kwenye mapafu. Asisafirishwe katikati ya watu wawili juu ya boda. Tafuta gari, mlaze kichwa kikiwa juu kidogo, na piga simu mbele ili uhakikishe mashine ipo. Wagonjwa wa GBS wapatao 2 hadi 3 kati ya 10 huihitaji.

## Vipimo

6. Je, ni lazima kupima kingamwili kabla ya kutibiwa?

Kwa GBS, hapana. Ugonjwa hutambuliwa kwa historia, kwa kinyundo, na kwa maji ya uti wa mgongo. Kingamwili dhidi ya GM1 au GQ1b zikipatikana zinathibitisha. Zisipopatikana hazifuti chochote. Damu ya vipimo kama hivi mara nyingi hupelekwa nje ya nchi, na majibu hurudi ugonjwa ukiwa umeshafika kilele.

Kwa miasthenia kipimo kina uzito zaidi. Kingamwili dhidi ya kipokezi cha asetilikolini hupatikana kwa takriban 85 kati ya 100 ya wagonjwa ambao udhaifu wao umeenea mwili mzima, na kwa nusu tu ya walioathirika macho peke yake. Kwa hiyo jibu hasi kwa mwenye kope zinazoshuka halimalizi maneno. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa na kuwekwa juu ya kope kwa dakika mbili, kope ikainuka, ni ushahidi mzuri usio na gharama.

Ninapopendekeza familia ijibane itafute fedha za kipimo ni pale CIDP inapokataa dawa. Kingamwili dhidi ya neurofasini 155 na kontaktini 1 nyingi ni za aina ya IgG4, ambazo haziiti komplementi, na wagonjwa hao hawanufaiki sana na IVIG, yaani kingamwili za wachangiaji zinazotiwa kwenye mshipa (swali la 8). Wengi hupata nafuu kwa rituksimabu, dawa inayoangamiza chembe B. Vivyo hivyo kwa neuromielitisi optika, ambayo inahitaji dawa za muda mrefu za kuzuia shambulio lijalo.

7. Wanataka kutoa maji mgongoni. Je, hiyo sindano haipoozeshi?

Hofu hii ni kubwa, na imewanyima watu wengi matibabu. Uti wa mgongo wa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingia chini ya hapo, mahali penye maji na nyuzi za neva zinazoelea. Kinachotokea kwa baadhi ni maumivu ya kichwa kwa siku chache. Karibu wote wanaopooza baada ya sindano walikuwa tayari wanapooza, ndiyo maana walichomwa.

Katika GBS maji huonyesha protini nyingi na chembe chache. Wiki ya kwanza protini huweza kuwa ya kawaida bado. Chembe zikizidi 50, daktari atafikiria maambukizi mengine, ikiwemo VVU.

## Matibabu

8. IVIG ni nini, na kwa nini ni ghali hivyo?

Ni kingamwili za watu wazima wenye afya, zilizokusanywa kutoka plazima (maji ya damu yasiyo na chembe) ya maelfu ya wachangiaji na kusafishwa kiwandani. Zikiingia kwa wingi huzuia komplementi na kuufanya mwili uvunje kingamwili mbaya haraka zaidi. Kiwango cha kawaida kwa GBS ni gramu 0.4 kwa kilo kwa siku, siku tano. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 24 kwa siku, yaani gramu 120 kwa jumla: chupa 12 za gramu 10, au 24 za gramu 5. Piga hesabu hiyo mapema kabla ya harambee ya ukoo, ujue mnachangia nini, na uulize famasi ya hospitali kama chupa zote zipo.

Inafaa zaidi ikianza ndani ya wiki mbili za mwanzo, kwa mgonjwa asiyeweza kutembea mwenyewe. Anayetembea na ambaye haendelei kudhoofika anaweza kuangaliwa kwanza, na hilo ni jambo la kumwuliza daktari bila kuona aibu.

Toa damu ya vipimo kabla ya chupa ya kwanza. Baada ya IVIG, kingamwili za wachangiaji huonekana kwenye vipimo, na mtu huweza kuambiwa aliwahi kuugua homa ya ini B kumbe sivyo.

9. Hatuna fedha za IVIG. Kuna njia nyingine?

Kubadilisha plazima hufanya kazi sawa na IVIG kwa GBS. Damu hutolewa, plazima yenye kingamwili hutengwa na kutupwa, chembe za damu hurudishwa. Mashine zake ni chache. Mwaka 2018 madaktari wa Bangladesh walichapisha jaribio la njia ya mkono kwa wagonjwa 20: damu hutolewa kwenye mfuko, huachwa itulie, plazima hutupwa, chembe hurudishwa. Ilionekana ni salama na inawezekana. Nchi kama yetu ina sababu ya kuifuatilia kwa makini. Kitu kimoja: usibadilishe plazima mara tu baada ya IVIG, utakuwa umeimwaga.

Na hata bila hizo mbili, uuguzi mzuri huokoa: kumgeuza kila saa mbili, kumzuia asigande damu miguuni, kumlisha kwa mpira wa puani, kuangalia mapigo ya moyo na presha vinavyoweza kuyumba, kunyoosha viungo kila siku. Katika wodi zetu kazi nyingi ya hizi humwangukia ndugu anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda. Muuguzi amfundishe, naye aheshimiwe kama sehemu ya tiba.

10. Mbona mwenzangu alipewa prednisoloni akapona, sisi tumenyimwa?

Huenda mwenzako alikuwa na CIDP au miasthenia, ambako steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni, husaidia. Katika GBS hazisaidii, na za vidonge zinaweza kuchelewesha kupona. Katika miasthenia nako dozi kubwa ya ghafla huweza kuzidisha udhaifu siku za mwanzo, ndiyo maana huongezwa polepole.

11. Je, atatembea tena?

Wengi, ndiyo. Kati ya wagonjwa 100 wa GBS, takriban 80 wanatembea bila msaada baada ya miezi sita. Wengine huchukua mwaka au zaidi, na uchovu huweza kubaki hata nguvu zikisharudi. Penye matibabu mazuri hufa kati ya 3 na 7 kwa 100, na kwingine wengi zaidi, hasa kwa pumzi na moyo. Kurudia kwa GBS ni nadra. CIDP na miasthenia ni za kuishi nazo kwa dawa.

## Mazingira maalumu

12. Nina VVU na miguu inawaka moto. Ni kingamwili?

Mara nyingi sivyo. Ganzi na moto kwenye nyayo, bila udhaifu, kwa kawaida hutokana na VVU vyenyewe, na dawa ya zamani ya VVU, stavudini, au isoniazidi ya kifua kikuu iliyotolewa bila vitamini B6. Kisukari na waragi navyo huharibu neva. Lakini VVU huweza kuleta GBS, hata wakati mtu ameambukizwa juzi tu, kwa hiyo kila mgonjwa wa GBS apimwe VVU.

13. Nina miasthenia. Nikipata malaria nimeze nini?

Tibu malaria bila kuchelewa, kwani homa yenyewe huamsha miasthenia. Artemeta na lumefantrini kwa malaria ya kawaida, sindano ya artesuneti kwa malaria kali. Epuka kwinini, na uwe mwangalifu na klorokwini. Hatari nyingine zimejaa kwenye kila duka la dawa: jentamaisini, siprofloksasini, azithromaisini, erithromaisini. Andika orodha hii kwenye kadi na uitembeze na kitambulisho chako, kwa sababu siku utakayoihitaji huenda usiweze kuongea.

14. Chanjo zinaleta ugonjwa huu?

Kwa chanjo ya mafua, ni kama mgonjwa mmoja au wawili wa GBS wa ziada kwa dozi milioni moja, na mafua yenyewe huleta zaidi. Tahadhari ya kweli ni hii: chanjo ya homa ya manjano ina kirusi hai. Mwenye miasthenia, aliyetolewa thaimasi kwa ajili yake, au anayetumia dawa za kushusha kinga, asichomwe kabla ya kuongea na daktari wake. Kama ni safari, daktari anaweza kuandika barua ya msamaha.

15. Zika ilitoka Uganda. Tuogope?

Kirusi cha Zika kilitambuliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe. Uhusiano wake na GBS ulionekana mbali na hapa, katika mlipuko wa visiwa vya Polynesia ya Ufaransa mwaka 2013 na 2014, kisha Amerika ya Kusini. Jina la msitu halimaanishi kwamba wakazi wake wana hatari ya pekee.

16. Ugonjwa wa kutikisa kichwa wa Kitgum na Pader nao ni wa kingamwili?

Ni aina ya kifafa, si ugonjwa wa neva za miguu na mikono. Mwaka 2017 watafiti waliripoti kwamba baadhi ya watoto hao wana kingamwili dhidi ya leiomodini 1, protini iliyomo kwenye ubongo, na kwamba kingamwili hizo hushika pia protini ya minyoo ya usubi. Haijathibitishwa kuwa ndizo chanzo. Kinachosaidia watoto ni dawa za kifafa, na ivamektini, dawa ya minyoo hiyo, pamoja na kudhibiti inzi weusi wa mtoni wanaoieneza vimeenda sambamba na kupungua kwa wagonjwa wapya.

17. Mama mwenye miasthenia anaweza kuzaa salama?

Anaweza, ila ajifungulie hospitali yenye daktari na huduma ya watoto wachanga, na mkunga ajue mapema. Presha ikipanda, magnesiamu salfeti inayotolewa kwa kifafa cha mimba huweza kuzima pumzi ya mama huyu. Liandikwe kwa wino mwekundu kwenye kitabu chake cha kliniki.

Kingamwili za aina ya IgG huvuka kondo, hivyo watoto 10 hadi 15 kati ya 100 hulegea, hunyonya kwa shida na kulia kwa sauti hafifu. Dalili huanza ndani ya siku chache za kwanza, ndiyo maana mama asiruhusiwe kwenda nyumbani siku hiyohiyo. Mtoto hupewa pyridostigmini kidogo, dawa ileile ya miasthenia anayotumia mama, na kingamwili zinapokwisha mwilini mwake baada ya wiki kadhaa, huacha kuihitaji. Anaweza kunyonya maziwa ya mama anayetumia dawa hiyo kwa kiwango cha kawaida.